Anayekalia Mikono

Fundi wetu wa programu ana tabia ya kukalia mikono yake. Akienda kumtazama mtu akitumia programu yetu, huvuta kiti pembeni, husalimu, kisha huiingiza mikono chini ya mapaja na kunyamaza. Ukimuuliza sababu, atakujibu kwa ile sauti yake ya chini: “Nikiiacha nje itasaidia.”

Siku ile tulikuwa zahanati. Mama wa mapokezi alikuwa ameandika tangazo la kuweka kwenye tovuti tuliyowatengenezea, kwamba daktari wa macho hatakuja kesho, watu wasisafiri bure. Sasa alitafuta pa kubonyeza ili litoke. Kila ukurasa ulipobadilika aliinua kidole kama aliyegusa sufuria ya moto. Mimi kitufe nilikwisha kukiona, juu kabisa kwenye kona. Nikafungua mdomo, fundi akanikanyaga mguu. Mama akashusha pumzi. “Nisamehe mwanangu, kichwa changu kizito.” “Kichwa chako hakina neno, mama,” fundi akasema. “Kitufe ndicho kimejificha.” Akatoa mikono, akavuta kompyuta yake, akakihamishia kitufe chini ya mstari wa mwisho wa tangazo, pale pale mama alipokuwa amekodoa macho muda wote. Kisha akaikalia mikono tena. Mama akabonyeza, akachukua simu yake kuhakikisha, akalisoma tangazo lake kwa sauti mpaka mwisho, akalirudia. Tulipoaga akaushika mkono wa fundi, akaugeuza. Kiganja kizima kilikuwa na mistari myekundu ya nyuzi za kile kiti cha kusukwa.

“Umeumia wapi, mwanangu?”

“Kazini, mama.”