Vitenge viwili vya Eugénie

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na ishirini. Hapana, ishirini na moja, barakoa zilikuwa bado mifukoni. Gervais, aliyewahi kupandisha bendera za ishara melini kule ziwa Tanganyika, alikuwa akivua nami samaki katika ziwa Nakivale, na binti yake Béné alikuwa anajifungua Mbarara. Simu alimwachia mkewe Eugénie nyumbani ng'ambo apokee habari, wakapatana: akipandisha mtini kitenge cha njano, wote wazima; chekundu, rudi mbio, mambo mabaya.

Vikapanda vyote viwili! Gervais akapiga kasia huku akimwomba Mungu.

Tukamkuta Eugénie anacheza. "Baba Béné, bote bazima! Mutoto ni mwanaume!"

"Na ile nyekundu?"

"Ya kukuita mbio. Ulitaka nicheze miye peke yangu?"

Gervais akaingia kucheza. Nami nauliza mpaka leo: kwenye meli, bendera hizo mbili pamoja husema nini?