Yai la Mzee wa Mazingaombwe

Mpangaji mwenzetu hapa Korogwe, mzee wa Kizigua kutoka Kwedizinga, zamani alikuwa bingwa wa mazingaombwe. Alizunguka shule zote za Handeni mpaka Mpale, na siku akifika hata walimu wakali walikaa vumbini kama darasa la kwanza. Mimi mwenyewe nilimwona akitoa kuku kwenye kofia. Kuku wa maana, ukubwa wake karibu na mbuzi. Siku hizi anauza machungwa stendi, na vidole vinamtetemeka hata kumenya ni kazi.

Binti yangu wa darasa la pili hakutaka kusikia habari za kutetemeka. Aliwatangazia wenzake kwamba siku ya kufunga shule babu yake, ndivyo anavyomwita mzee huyu, atatoa yai hewani. Wenzake, waliozoea miujiza ya kwenye simu za mama zao, wakamwita mwongo. Akaenda kwa mwalimu mkuu kuomba nafasi, na akapewa.

"Mwanao ameniweka pabaya," mzee akaniambia.

"Mwambie unaumwa."

"Mwambie wewe uliyesoma."

Mimi, niliyepata cheti cha kidato cha nne kwa masomo ya jioni, ndevu zikiwa zimeshajaa kidevuni, nikawa namkwepa mtoto wa miaka minane.

Siku ikafika. Mzee alivaa koti lake la kazi, akaonyesha viganja vitupu, akavipuliza, akanyoosha mkono juu. Yai likateleza kutoka kwenye mkono wa koti, likapasukia juu ya kiatu chake, pwaa! Nikamtazama binti yangu. Mdomo ulishaanza kumcheza.

Ndipo mwalimu wa nidhamu, Msambaa wa Lushoto kwenye mashamba ya kabichi, akapaza sauti kutoka nyuma: "Si niliwaambia! Mzigua akizeeka, hata uchawi wake unataga ovyo!"

Weee! Mzigua na Msambaa ni watani wa jadi, na mtani kamgusa mtani. Mzee akajinyoosha, mgongo ukarudi ujanani.

"Wanangu, nimelivunja makusudi! Ningempa huyu Msambaa wenu yai zima, angelichimbia shimo, akalimwagilia maji, akasubiri liote kabichi!"

Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu akajibu, mzee akamrudishia, mwalimu akaongeza, mzee akamzika. Kelele zile, naapa, mabasi ya Arusha yalipunguza mwendo kule barabarani. Mwalimu mkuu alijifuta machozi kwa tai. Mzee alikuwa akirusha mikono huku na huku, na hakuna aliyekumbuka kuangalia vidole.

Binti yangu peke yake hakucheka. Alikuwa anawakagua wale waliomwita mwongo, mmoja baada ya mwingine, mpaka mkubwa wao aliyekuwa amejishika mbavu akasalimu amri:

"Haya bwana, babu yako ni noma."

Hapo ndipo akainuka, akapenya katikati ya watu, akamshika mzee mkono.

"Pisheni jamani," alisema, "babu anapita."

Wakapisha, hata mwalimu wa nidhamu.