Sketi ya Marinda

Chumba cha mafunzo pale kituo cha Kawangware 56 kinanuka mafuta ya cherehani, na harufu hiyo hainiachi nitulie kitini.

Inanirudisha utotoni, Jumapili moja mchana, nyumbani kwetu Kibera. Mama alikuwa akifulia watu nguo, lakini mwezi huo alikuwa ameanza kujifunza ushonaji katika ukumbi wa kanisa. Walifundishwa sketi ya marinda, naye hakuelewa. Niliporudi kutoka kucheza nilimkuta ameketi sakafuni, wembe mkononi, akifumua sketi yangu ya shule. Nilikuwa na hiyo moja tu. Alitandaza vipande juu ya gazeti, akavizungushia kalamu kimoja kimoja.

"Mama, kesho nitavaa nini?"

"Hii hii. Nyamaza kwanza nione ilivyoshonwa."

Hakuwa na cherehani. Aliishona upya kwa mkono hadi jua likazama, akijidunga vidole na kusonya. Mimi nilikaa mlangoni nimenuna, nikimchukia. Jumatatu nilienda shule rinda moja limekunjwa kinyume, nikalificha kwa mkoba siku nzima.

Sasa mwalimu wetu, msichana mdogo kabisa, ananiwekea ovaroli mezani ili tunakili mshono wake. Karakana ya ushonaji ninayofanyia kazi inaondoa cherehani za kukanyaga kwa miguu, na asiyejua hizi mpya za kompyuta atabaki nje.

"Mathe, hii tunaichora kwa kompyuta," ananiambia, akiniita kama mama yake. "Hakuna kufumua nguo ya mtu."

"Sawa, mwalimu," namjibu, na mkono wangu umeshaingia mkobani, unatafuta wembe.