Kikaango cha Mke Wangu na Shimo la Watafuta Mafuta

Nimekosa, ndugu zangu. Tena nimekosa nikiwa na akili timamu na cheti cha kidato cha nne!

Mimi ni mzee wa chemchemi katika kijiji kimoja bondeni Momba, chini ya Chitete. Kwetu, chombo chenye mafuta hakigusi maji ya chemchemi. Ukikosea unatoa kuku, analiwa na wachotaji wote. Hata mke wangu nilimtoza, eti kasuuza kikaango. Nilijiona Sulemani!

Kisha wakaja watu wa kutafuta mafuta ardhini. Walitaka pa kuchimba shimo la kumwaga tope la mtambo wao wa kuchimbia. Wanawake wakasema, "Wapelekeni ng'ambo ya kilima." Mimi nilitaka barabara yao ipite mlangoni kwangu. Nikanyoosha mkono: "Hapa, upande wa juu wa chemchemi. Udongo wake mgumu."

Wakanipa kofia ngumu na kizibao kinachong'aa. Jamani, nilikivaa mpaka kanisani!

Mvua zikaja, shimo likafurika. Maji yakawa na rangi za upinde wa mvua, yananuka kama gereji za Tunduma. Ng'ombe walinusa, wakageuka. Mjukuu wangu hakunusa. Alikunywa, tukamkimbiza zahanati. Nusura tumpoteze!

Mafuta hawakuyapata. Wakafunga mtambo, wakaondoka. Tope wakatuachia.

Nikapeleka kuku mwenyewe, kwa aibu. Mke wangu akamtazama kuku, akanitazama mimi.

"Baba Tumaini, huyu ni kuku wa kikaango. Wa shimo yuko wapi?"

Dada yake akadakia, "Mwache shemeji! Bado anamfuga. Anangoja akue afikie ng'ombe!"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilienda kulia nyuma ya zizi.

Siku hizi wanawake wanachota mbali, mtoni Momba, nami nabeba ndoo kichwani pamoja nao. Wananitaka nivae kile kizibao, nisije nikawapotea njiani.

Mzee mwenzangu, ukiulizwa pa kuchimba, rudisha kwanza mkono mfukoni. Waulize wanaochota!

Yule kuku walikataa kumla. Wamesema watamchinja siku chemchemi itakaponyweka tena. Kila asubuhi namtupia mtama, naenda kuyatazama maji, narudi. Kuku anazeeka, nami nazeeka.