Jini wa Makaburini ni Mie

Kwetu Temeke kuna barabara inayopita kando ya makaburi, na kila dereva wa bodaboda atakuapia kwamba giza likianza kuingia, mwanamke aliyevaa nyeupe pee husimamisha pikipiki pale. Ananukia udi, hasemi, na ukitazama chini unaona kwato. Ukienda mbele kidogo ukageuka, kiti kitupu. Nimeisikia hadithi hii saluni, msibani, hata kwa daktari wa meno, na kila anayenisimulia hunikodolea macho ili nishtuke. Sishtuki. Mwenye kwato ni mie.

Nilikuwa mwali, nimewekwa ndani, harusi keshokutwa. Somo yangu, yaani kungwi aliyenifunda, mama mtu mzima asiyependa mchezo, alikuwa kanisinga mwili mzima, kanifukiza udi mpaka kope, kanipaka usoni liwa, msandali wa kusagwa unaokauka kama udongo, na kunionya nisiseme wala nisicheke, isije ikapasuka. Miguuni kanipaka piko, ile rangi nyeusi ya maua, halafu akaizungushia vitambaa ili isiharibike, miguu ikawa madonge mawili. Na mwali aliyewekwa ndani hatoki, nadhani hata nyumba ikiungua.

Alasiri mama mdogo akapiga simu. Yeye ndiye aliyekuwa akiishi na bibi yangu, ng'ambo ya makaburi. Bibi ndiye aliyenilea, na kwa miezi mingi alikuwa hanijui tena. Nikimwamkia ananiitikia kama mgeni. Siku hiyo, mama mdogo alisema, bibi kaamka na akili zake zote, ananitaja jina, anauliza mbona simwendei. Nikaomba ruhusa kwa kunong'ona, nikachukue radhi zake, maana kwenda kwa mume bila mkono wa bibi kichwani niliona ni kama kwenda uchi. Somo akasema ng'o, nitakwenda nikishaolewa. Nikishaolewa bibi atanijua? Nikalia mpaka machozi yakachimba mifereji kwenye liwa. Somo alipoingia kuswali magharibi, nikajitanda shuka jeupe, nikatokea mlango wa uani. Liwalo na liwe.

Kwa miguu ile nisingefika mbali. Nikajikokota vichochoroni, nisionwe na majirani, hadi ukuta wa makaburi, nikasimamisha bodaboda ya kwanza. Dereva alikuwa kijana mwenye adabu, akanisalimia vizuri. Nikaitikia kwa kichwa, nikanyoosha kidole mbele, nikakaa upande. Kutoroka nimetoroka, lakini sharti la kutosema nilikuwa bado nalitii, sijui kwa nini. Mwendo kidogo akaanza kunusa hewa. Mara namsikia anasoma Ayatul Kursi, anaruka maneno, anarudia mwanzo. Tulipofika kwenye taa ya duka akapunguza mwendo, akachungulia miguu yangu.

"Dada," akasema kwa sauti ya kuomba, "niambie tu kama wewe ni mtu."

Mie hasira zangu ziko karibu. Bibi ananisubiri, giza linaingia, halafu mtu ananiuliza kama mie ni mtu. Nikafungua mdomo nimwambie aendeshe, liwa ikabanduka shavu zima ikamdondokea begani. Akaruka, akatoka nduki, kandambili moja huku nyingine kule, pikipiki ikaanguka na mie juu yake.

Nifanyeje? Ningeiacha ingeibiwa, na kijana wa watu hakunikosea kitu. Nikaiinua, nikaanza kuisukuma. Muuza chipsi akaniona, akayaacha mayai yanaungua. Wazee waliokuwa wakitoka msikitini wakarudi ndani. Nikawa nacheka peke yangu kwa sauti, jambo ambalo, nikifikiri sasa, halikumsaidia mtu. Vitambaa vimefunguka, piko imeharibika, wala sikujali. Nilichoogopa ni kimoja tu, kwamba nitafika bibi keshapotea tena.

Mama mdogo alifungua mlango, akapiga yowe, akaufunga. Nikazungukia uani. Bibi alikuwa kwenye mkeka peke yake, tasbihi mkononi. Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, taratibu.

"Mke mwenzangu," akasema, kwa utani wake wa zamani, "nani kakupaka liwa vibaya hivi?"

Nikapiga magoti, nikacheka, nikalia, vyote pamoja. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata harusini. Akaniwekea mkono kichwani, akanisomea dua ndefu bila kukosea, akataja jina langu na la mama yangu, akaniambia niishi na mume wangu kwa wema, na akinitesa nirudi nyumbani, mlango uko wazi. Mama mdogo akachungulia kutoka ndani, akaja naye akakaa.

Niliporudi, somo alinigombeza usiku mzima huku akinipaka piko upya. Dereva aliifuata pikipiki yake kwa bibi asubuhi akiwa na wenzake wamemzunguka, akaelezwa kila kitu, na mpaka leo hakubali kwamba alibeba mtu. Mie nimeshachoka kumbishia.

Siku ya harusi walimleta bibi, wakamketisha mbele. Alipiga vigelegele kuwashinda wote. Kisha akamwinamia aliyekaa naye, akauliza kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia, bibi harusi huyu mzuri hivi ni mtoto wa nani. Watu wakanitazama kwa huruma. Nikacheka, maana radhi zake nilikuwa nimeshazichukua.