Mshale Katikati

Mama fundi wa malori pale karakanani kwetu hashiki spana kabla ya kugusa rejeta, kipoza maji ya injini. Huitembezea mgongo wa mkono taratibu, huku akilinong'oneza lori, "Haya mama, kunauma wapi?" Juzi dereva wa lori la saruji alimjia nusura alie. Injini ilichemka kila lori lipandapo mlima, na tajiri wake alikuwa amesema lori liuzwe, yeye atafute kazi kwingine. "Mama fundi, ifungue injini yote!" "Injini yako ni nzima, baba. Inakosa hewa tu." Akaipiga rejeta maji kutoka upande wa feni, yakamwagika matope na mabawa ya wadudu, akakaza mkanda wa feni uliolegea, akairudisha thamostati, kidhibiti joto ambacho fundi mwingine alikitoa.

Tukabanana watatu kwenye kabini, dereva, fundi na mimi, mzigo kamili nyuma, tukaenda kulijaribu mlimani. Mlima wote fundi hakutazama barabara; alitazama mshale wa joto, akihesabu kona kwa sauti. Mshale ulitulia katikati mpaka kileleni. Dereva akanyoosha mkono kwenye ufunguo. "Usizime!" fundi akamkemea, akicheka. "Iache ingurume dakika tatu, ipoe polepole." Basi dereva akampigia mkewe simu. "Mbona makelele, ni nini hicho kinachonguruma?" mke akauliza. "Kazi yangu, mke wangu!" akapaza sauti. "Hiyo ni kazi yangu!"