Mbwa wa Baba Kioko na Ndege Aliyejifungia

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunafua nyuma ya bweni, povu limetufika viwikoni, mara mtoto mchanga akalia juu ya miti. Si kile kilio cha kutaka maziwa. Ni kile cha mtoto mwenye msokoto wa tumbo, kinachoanza chini kikapanda, kikapanda, mpaka mtu anakunja uso. Wasichana wa bara wakaacha ndoo zao. "Wee! Kuna mtu ametupa mtoto!" Mmoja akapanda juu ya karo la kufulia kuchungulia, mwingine akakimbia kumwita matroni. Mimi nikabaki nimeinamia sketi yangu nikicheka peke yangu. Na kwa kuwa kusema mbele za watu kunanishinda, niliwaacha wamtafute huyo mtoto vichakani mpaka kengele ya chakula ikalia.

Hakuwa mtoto. Alikuwa hondohondo, ndege mweusi mwenye tumbo jeupe na mdomo mkubwa kuliko akili zake, kama alivyokuwa akisema Bibi. Namjua vizuri. Wewe utakayelifungua daftari hili siku moja, nakwambia wewe nilichoshindwa kuwaambia wao.

Nilikuwa na miaka tisa, darasa la tatu. Tulikaa mtaa wa Muyeye, pwani, mimi na Mama, na Mjomba Athmani, na wazazi wao, yaani Babu na Bibi. Baba alikuwa kazini Mombasa, tukimwona mwisho wa mwezi. Mwaka huo Babu alifariki, na Bibi akakaa eda.

Wenzangu wengi wa bwenini hawajui eda, basi naandika. Mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato, hatoki, na wanaume wanaoweza kumwoa hawamwoni. Bibi alivaa nguo nyeupe, akakaa kwenye chumba chenye kidirisha kimoja cha mbao kilichotazama nyuma, kwenye bustani ya Mama ya mchicha na mipapai, na mkwaju mkubwa uliosimama mpakani na jirani. Mimi ndiye niliyempelekea vitu: uji asubuhi, wali adhuhuri, mahamri na mbaazi yakibaki, na maji ya kutawadha. Bibi alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Ndani ya chumba kile alinyamaza. Aliuliza tu, "Mishi, nje kuna nini?" nami nikajibu, "Hakuna kitu, Bibi," kwa sababu hilo ndilo jibu langu kwa kila mtu.

Lakini kulikuwa na kitu. Wiki ile ile ya msiba alihamia nyumba ya pili mtu wa Ukambani, karani wa ofisi moja mjini, tukimwita Baba Kioko. Alikuja na kitanda, redio, na mbwa wawili, mmoja wa rangi ya mchanga na mmoja mwenye madoa. Mkubwa alimwita Bosi, mdogo Karani. "Kazini mimi ndiye napigiwa kelele," alimwambia Mjomba. "Hapa nyumbani bosi nimemfunga na kamba!" Kisha akacheka mpaka akakohoa. Kusema kweli, hiyo kamba sikupata kuiona.

Kwetu mbwa ni mnyama wa kukaa mbali. Ukiguswa na mate yake sharti uoshe mara saba, mojawapo kwa mchanga au udongo, ndipo usali. Nilifundishwa hayo kabla sijajua kufunga vifungo vyangu. Basi sijui ni nini kilichonituma nipenye kwenye ua wa makuti uliotutenga naye, uliokuwa umetoboka. Labda ni kwa sababu mbwa hawakuniuliza maswali. Shuleni tulikuwa tukipewa maziwa ya Nyayo, zile pakiti za pembetatu. Mimi nilinyonya nusu, nusu nikaileta nyumbani mkobani, vuguvugu, inanukia karatasi. Bosi na Karani walikunywa kwenye kifuu cha nazi, kisha wakanilamba mikono, wakanilamba na magoti. Halafu mimi nyuma ya choo, na kata ya maji na ukufi wa mchanga, nahesabu: moja, mbili, tatu. Ndipo nikampelekea Bibi chakula chake.

Mbwa wale walikuwa na wazimu wa ndege. Kunguru wakitua kwenye mchicha, mbio. Tetere wakishuka kunywa maji, mbio. Hawakupata hata mmoja, wala sidhani walitaka kupata, maana ndege wakikaa kitako na kuwatazama, wao nao waliketi, wakaona haya. Ila hondohondo aliwatoa roho. Walikuja wawili, mume na mke, kula mapapai ya Mama, mabawa yao yakivuma kama mtu anayepeta mchele. Bosi alisimama kwa miguu miwili akiukumbatia mkwaju, Karani akazunguka shina, mikia inachapa, sauti zimewakauka.

Kisha hondohondo akawa mmoja. Yule mume alikuja peke yake, mara nyingi kwa siku, akatua kwenye shina penye tundu la zamani. Lakini lile tundu halikuwa tundu tena. Lilikuwa limezibwa kwa udongo, limebaki ufa mwembamba kama wa sanduku la posta. Nilikuwa nimekaa chini na mbwa, nimewashika shingo ili wanyamaze, nikamwona akitapika tini moja na kuipeleka kwenye ufa. Na kutoka ndani, taratibu, ikatokeza ncha ya mdomo mwingine, ikaipokea.

Sikumwambia mtu. Ningemwambiaje? Pale mahali pa kuonea palikuwa upande wa pili wa ua, baina ya mbwa wawili.

Tatizo ni kuwa mimi nilikuwa shule asubuhi yote, na hapakuwa na wa kuwashika shingo. Kila mume alipoleta tini, mbwa walibweka. Bibi alishindwa kulala mchana. Mama aliunguza vitunguu kwa hasira. Hatimaye, alasiri moja, Baba Kioko aliita juu ya ua.

"Athmani! Hapa kuna nyoka, nakuambia. Hii mbwa yangu haiwezi kubweka bure."

"Hii mbwa," Mjomba alimwiga chinichini, kisha akapaza sauti. "Nyoka gani, Baba Kioko?"

"Kubwa! Iko kwa hiyo shimo. Si unaona imejijengea mlango?"

Mjomba alitazama ule udongo na ule ufa, na kicheko kikamwisha. Babu amekufa, mamake yuko chumbani hatua kumi kutoka pale, dirisha wazi. Wakakubaliana: Jumapili, Baba Kioko akitoka kanisani, watakusanya makumbi ya nazi, watayamwagia mafuta ya taa, wafukize lile tundu mpaka kilichomo kife au kitoke. Kikitoka, Mjomba atakuwa na panga.

Zilibaki siku tatu. Nilijua kilichomo. Nilijua pia kuwa nikisema, swali la kwanza litakuwa, "Umejuaje?" Na jibu lake lina mate ya mbwa, lina mikono iliyombebea mjane uji, lina pia siku moja ambayo Mama aliniita nikiwa kwenye sita, nikaitika, nikaacha ya saba. Hiyo moja ilinilia usingizi. Nilihesabu sala zote alizosali Bibi tangu siku ile, nikaona nimeziharibu zote.

Jumapili moshi wa kwanza wa makumbi ulipoanza kunukia, nilikuwa chumbani kwa Bibi na bakuli la uji mkononi. Sikuliweka chini. Nilisema tu: "Si nyoka."

"Nini si nyoka?"

"Ni ndege, Bibi. Mke yuko ndani. Amejifungia, na mumewe humletea chakula."

Bibi alinitazama. Sijui kama alikuwa amewahi kunisikia nikisema maneno mengi hivyo kwa pamoja. "Umejuaje?"

Nikamwambia yote. Maziwa, ua, shingo za mbwa. Aliangalia uji, akaangalia vidole vyangu.

"Mikono hii ndiyo iliyonilisha?"

"Nilikuwa naosha, Bibi. Mara saba, na mchanga."

"Zote saba?"

"Siku moja sita."

Alifumba macho. Nilidhani anatafuta fimbo kichwani. Kumbe alipofumbua aliuliza jambo jingine kabisa. "Amejifungia mwenyewe? Hakufungiwa?"

"Mwenyewe."

"Basi nenda ukawaambie. Mimi sitoki, wajua. Na aliyeona ni wewe."

Nilitoka. Makumbi yalikuwa yanafuka chini ya mkwaju, Baba Kioko na tai yake ya kanisani bado shingoni, chupa ya mafuta ya taa mkononi, Mjomba na panga, Mama nyuma yake na ufagio, sijui wa kumfagia nani. Nilisema, "Si nyoka." Hakuna aliyesikia. Mbwa walikuwa wanabweka kama siku ya kiyama. Nikasema tena. Baba Kioko akanisukuma kwa goti, si kwa ubaya: "Wewe kasichana, toka hapa, utaumwa!"

Basi nilifanya lile lililokuwa rahisi kwangu kuliko kupiga kelele. Nilipenya kwenye ua mbele ya macho yao, nikapiga magoti, nikamkumbatia Bosi mkono huu na Karani mkono huu. Wakanyamaza papo hapo. Karani akanilamba uso wote, kuanzia kidevuni.

"Ya Rabi!" Mama alipiga ukelele. "Mishi!"

"Huyo mbwa inamjua," alisema Baba Kioko, ameduwaa.

Na sasa palikuwa kimya, na kila mtu ananitazama, na sauti yangu ikakimbia. Mjomba akageukia tena makumbi. Hapo ndipo dirisha la mbao liliposukumwa, na sauti ambayo jirani yule hakupata kuisikia tangu ahamie ikapita kwenye nondo zake:

"Athmani! Vuta huo moto kando. Mtoto ana neno."

Mjomba akauburuta moto kando kwa panga. Nami nikasema, nadhani kwa kunong'ona, lakini walisikia. "Kuna mke ndani. Subirini. Mumewe atakuja."

"Ndege ifunge mlango ikiwa ndani?" Baba Kioko alianza kucheka. "Itakula nini, barua?"

Lakini akasubiri. Tukasubiri sote, moshi ukituingia machoni, Bosi akipumua kwa joto sikioni mwangu. Muda ulikuwa mrefu. Nilianza kuogopa kuwa moshi umemfukuza mume moja kwa moja, kisha nikasikia mabawa yakipeta mchele. Alitua juu kwanza, akatulia, akatukagua mmoja mmoja. Akashuka penye ufa. Akatoa tini. Na ule mdomo wa ndani ukatokeza, ukapokea.

Baba Kioko akavua kofia, kwa heshima, kama aliye mbele ya jeneza au bwana arusi. "Ngai," alimtaja Mungu kwa Kikamba, polepole. "Tungemchoma mama wa watu."

Mama aliniburuta hadi karoni. Nilioshwa hadharani, kata baada ya kata, Mama akisugua mchanga kama anayeng'arisha sufuria, akihesabu kwa hasira. "Sita!" "Hiyo ni ya tano," alisahihisha Bibi kutoka dirishani. "Na ukimaliza muongezee moja, kuna siku ilibaki." Uji ule alikataa kuunywa. Akaagiza mwingine, niupike mimi.

Tangu siku hiyo alisogeza kigoda chake dirishani. Kila jioni aliuliza, "Amekula?" nami nikajibu, sasa kwa kirefu: tini tatu, kipande cha papai, kitu kama jongoo. Nilisimulia mpaka nikajishangaa. Baba Kioko naye alitafuta kamba ya kweli, akawa anawafunga mbwa saa za kulala Bibi. Saa nyingine aliwaachia, na Mama alijifanya haoni nani amekaa upande wa pili wa ua, mradi kata na mchanga viko tayari.

Yule mke wa hondohondo alitoka alasiri moja. Mbwa ndio waliotuita. Udongo ulidondoka vipande vipande, kikatoka kitu kilichochakaa, manyoya yamekunjamana, mkia kama ufagio mzee. Nyuma yake kikachungulia kinda kinene. Mama mtu alishindwa kuruka vizuri, akaangukia tawi la chini, akakaa hapo akishangaa jua. Bibi alishika nondo kwa mikono yote miwili. "Tazama alivyokonda," alisema. "Lakini tazama."

Wiki chache baadaye eda ilikwisha. Wanawake walikuja, wakamwogesha, wakamfukiza udi, wakamvika leso mpya nyekundu. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, Bibi akaingia bustanini, macho ameyabana, hatua za mtu anayejaribu viatu vipya. Bosi na Karani hawakuwa wamemwona hata siku moja. Walisimama kwa miguu ya nyuma kwenye ua, mikia inachapa, wakabweka mpaka sauti zikawakauka.

"Rudi ndani, Mama, mbwa hao!" alisema Mama.

Bibi alisimama pale pale, akacheka. Kile kicheko cha kusikika mpaka barabarani. "Waache," alisema. "Wameniona natoka."

Wakati ule nilifurahi tu kwamba amecheka. Imenichukua miaka kuona kuwa ile "Amekula?" haikuwa ya ndege peke yake, na kuwa mimi, niliyeshangaa mume wa hondohondo na tini zake, nilikuwa napita mlango wa Bibi mara tatu kwa siku na bakuli mkononi.

Leo tulipokuwa tunaanua nguo amelia tena. Msichana wa kitanda cha jirani akashika kichwa. "Yule mtoto tena!"

"Si mtoto," nilisema. "Ni ndege. Anamwita mkewe."

"Umejuaje?"

Nikaweka ndoo chini, nikamwambia.